Kazi za Wanafunzi, Kutoka Kiungani Hadi Kindimba

Mwaka 1887 kilitoka London kitabu ambacho kichwa chake kilianza na neno Kiungani. Waandishi wake walikuwa wavulana wa shule iliyokuwa nje kidogo ya Mji wa Unguja, wengi wao wakiwa wameokolewa kutoka majahazi yaliyokuwa yakisafirisha watumwa. Mwalimu wao, A. C. Madan, msomi wa Oxford ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa kamusi zake za Kiswahili na Kiingereza, aliwapa kazi ambayo hakuna mtaala uliokuwa umeiagiza. Waandike kwao ni wapi, walikamatwaje, walipitishwa njia gani, na walifikaje pwani. Baadhi walitoka nchi zinazozunguka Ziwa Nyasa. Madan akazitafsiri insha zao na kuzitoa kitabu.

Walimu wa vyuo vikuu wanaokaa kwenye warsha wakitafuta namna ya kuwapa wanafunzi kazi za ubunifu wangefaa kuanzia hapo. Kazi ile ilikuwa na sifa mbili ambazo asaimenti nyingi za leo hazina: mwalimu hakuwa na jibu mfukoni, na mwanafunzi hakuwa na mtu wa kunakili kwake. Aliyeijua njia ya kutoka ziwani hadi Kilwa kwa miguu, akiwa na kongwa shingoni, ni yule aliyeipita. Ilikuwa na kasoro pia, na kasoro hiyo tutakutana nayo tena na tena katika historia hii. Insha ziliandikwa kwa Kiswahili, zikachapishwa kwa Kiingereza, zikasomwa na wafadhili wa misheni huko Uingereza. Zilitoka bara, zikavuka bahari, na njia ya kurudi hazikupewa.

Shule ya Kiungani ilikuwa mali ya misheni ambayo jina lake lenyewe lilitaja vyuo vikuu: Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wengi huijua kwa herufi zake, UMCA. Chanzo chake ni hotuba aliyoitoa David Livingstone mbele ya wanachuo wa Cambridge mwezi Desemba 1857, miaka miwili kabla hajaliona Ziwa Nyasa. Oxford, Cambridge, Durham na Dublin zikaungana kuiunda. Mwaka 1885 misheni hiyo ilijikita kisiwani Likoma, ndani ya ziwa hilo, kutoka huko ikawa inavuka kuja ufuko wa mashariki: Mbamba Bay, Liuli, Lundu, Manda. Mipaka ya Wajerumani na Waingereza katika ziwa haikuchorwa hadi mwaka 1890. Kwa hiyo katika pwani hii ya Wanyasa, Wampoto na Wamanda, watu wa chuo kikuu walitangulia kabla ya bwana shauri. Sijui pwani nyingine ya Tanzania bara ambayo inaweza kusema hivyo kwa urahisi.

Mtu aliyeibeba kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa William Percival Johnson, msomi mwingine wa Oxford, ambaye alipoteza jicho moja kwa maradhi na bado akaendelea kutembea kijiji hadi kijiji kwa zaidi ya miaka arobaini. Alifariki mwaka 1928 na amezikwa Liuli. Shida yake ya kila siku ilikuwa ile ile inayowasumbua wakuu wa idara leo: alikuwa na walimu wengi wachanga, waliotawanyika mbali, wenye vitabu vichache na mafunzo machache zaidi, na kila mmoja peke yake mbele ya darasa. Nani amsaidie mwalimu baada ya kumaliza kusoma?

Jibu la misheni lilikuwa meli. Chauncy Maples ilijengwa Glasgow mwaka 1899, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa mito ya Zambezi na Shire. Boila lake la tani kumi na moja lilikokotwa nchi kavu na mamia ya Wangoni, na mwaka 1901 meli ikashushwa majini. Iliundwa ili iwe hospitali, kanisa na chuo cha walimu kwa pamoja. Wazo la kuwapandisha walimu melini, wasome huku chombo kikipita kwenye vijiji watakavyofundisha, halafu washuke na kufundisha, na kuwapitia tena safari inayofuata, lina akili kuliko semina nyingi za siku mbili hotelini nilizozisikia. Msaada wa ufundishaji ulimfuata mwalimu hadi ufukweni kwake. Haukumngoja aombe ruhusa ya safari. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika, meli hiyo nayo ikachukuliwa kubeba askari.

Huku milimani Umatengo, mambo yalikuwa yakienda kwa ratiba nyingine. Wamatengo walibanwa kwenye miinuko katika karne ya 19 na mashambulizi ya Wangoni, waliovuka Zambezi mwaka 1835 na hatimaye kutawala nchi ya Songea. Kulima mteremko mkali kwa watu wengi kulidai ufundi, na ufundi huo ni ngoro. Mvua zikielekea kwisha nyasi hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba. Udongo wa katikati huchimbwa na kutupwa juu ya nyasi, maharage yakapandwa kwenye matuta yanayotokea, na msimu unaofuata ni zamu ya mahindi. Katikati hubaki shimo. Ukiwa ng'ambo ya bonde unaona mlima mzima umetobolewa mashimo kwa mashimo. Maji ya mvua hukaa humo, yakazama taratibu, badala ya kuporomoka na udongo hadi mtoni. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea.

Hakuna aliyefundishwa ngoro ubaoni. Wanaume walifyeka na kupanga nyasi, wanawake walichimba na kupanda, na watoto walijifunza kwa kuwa sehemu ya mstari. Wamatengo walikuwa pia na sengu, yaani kikao cha ukoo chini ya mzee, ambapo wanaume wa familia kubwa walikula pamoja na baada ya kula wakazungumza mashamba, migogoro, ndoa na tabia za vijana. Kijana aliulizwa, akajibu, akasahihishwa mbele ya wenzake. Mwaka 1938 afisa wa kikoloni, A. H. Pike, aliandika kuhusu hifadhi ya udongo ya Wamatengo katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na tangu hapo wataalamu hawajaacha kuja. Ni nadra kwa zama zile kukuta serikali ya kikoloni inakiri kwamba kuna jambo la kilimo ambalo mwenyeji analijua vizuri kuliko bwana shamba.

Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, na Kigonsera ikawa mlango wa elimu ya kizungu kwa Umatengo. Seminari yake ndiyo aliyopitia Benjamin Mkapa kabla ya kwenda Ndanda na Pugu. Mmoja wa mapadre wa mwanzo, Johannes Häfliger, alikusanya hadithi za Wamatengo na kuzichapisha mwaka 1908 katika jarida la Anthropos, kwa Kijerumani. Insha za Kiungani zilikwenda London, hadithi za Wamatengo zikaenda Ulaya ya kati.

Chuo kikuu chenyewe, kile cha hapa nchini, kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Miaka ya mwanzo mitihani ilifungamana na Chuo Kikuu cha London, na mhadhiri mwema alikuwa yule aliyejua swali gani huko London wanalipenda. Terence Ranger alipofika mwaka 1963 kuanzisha idara ya historia, hakukuta vitabu vya kutosha vya historia ya Tanzania vya kuwapa wanafunzi. Kuna idara ambazo ukosefu huo ungezitia uvivu. Yeye na wenzake waliugeuza kuwa kazi.

Mwaka 1968, John Iliffe na Gilbert Gwassa waliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza wa historia kwenda wilayani, wakati wa likizo, kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Majimaji. Wakati ulikuwa unakimbia: kijana aliyekuwa na miaka kumi na mitano vita vilipoanza Julai 1905 alikuwa na miaka sabini na nane. Wanafunzi walikwenda na maswali yaliyoandaliwa, wakawasikiliza wazee katika lugha ambazo mara nyingi zilikuwa lugha zao wenyewe, wakaandika, wakatafsiri. Kazi zao zilikusanywa na kurudufiwa mwaka uliofuata. Kutoka Ungoni, O. B. Mapunda na G. P. Mpangara walitoa kazi iliyochapishwa mwaka 1969 kama kijitabu kinachojitegemea kuhusu vita vya Majimaji huko Ungoni. Wanafunzi wa shahada ya kwanza! Leo mwanafunzi wa ngazi hiyo akiandika ukurasa mmoja usio na maneno ya mtu mwingine, mhadhiri wake humshukuru Mungu.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo asaimenti bora kabisa iliyowahi kutolewa katika chuo kikuu cha Afrika Mashariki, na ndiyo sababu inafaa kuangaliwa kwa jicho kali. Watafiti waliofuata, hasa waandishi wa kitabu walichokihariri James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010, walionesha kwamba mradi ulikwenda vijijini ukiwa na jibu nusu. Taifa jipya lilihitaji vita vya umoja, na maswali yalielekea huko. Mzee aliyetaka kusimulia njaa iliyofuata vita, au ugomvi wa muda mrefu kati ya majirani, au mambo ya wanawake walioachwa vijijini, hakupata swali la kumfungulia mlango. Na Ungoni si Umatengo. Kwa Mmatengo, Mngoni alikuwa kwanza mvamizi aliyewapandisha babu zake milimani. Habari ya makabila kuungana dhidi ya Mjerumani ilipaswa kumfikia kwa njia ya mzunguko kidogo.

Haya yalitokea katika miaka yenye joto. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Nyerere akawafukuza karibu mia nne. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, Machi ikafuata Elimu ya Kujitegemea. Nyerere alikuwa na mfano hai mkoani Ruvuma: Litowa, karibu na Songea, makao ya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambako vijiji vya ujamaa vilikuwa na shule yao chini ya mwalimu Suleman Toroka. Masomo yalishonwa na kazi za kijiji, shamba likawa somo na somo likarudi shambani, na walimu walijitungia sehemu kubwa ya kile walichofundisha. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Litowa haikuvunjwa kwa sababu ilifundisha vibaya. Wanavijiji waliojifunza kuuliza maswali na kujiamulia mambo walikuwa wamewachosha viongozi wa mkoa. Kwa mhadhiri anayependa neno ubunifu, mkasa huo una habari ambayo warsha haziigusi: kazi isiyo na jibu lililopangwa inaweza kumpa mwenye mamlaka jibu asilolitaka.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Mwaka huo huo Mbinga, iliyo nchi ya Wamatengo, ikakatwa kutoka Songea na kuwa wilaya. Kahawa ilikuwa imeingia Umatengo tangu miaka ya 1920, na sasa ndiyo iliyolipa ada na kuezeka mabati. Vijana wa Mbinga wakaenda vyuoni kwa wingi, na vyuo vikaja Mbinga kwa nadra.

Kilichobadili hali hiyo ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kilipewa hadhi kamili mwaka 1984, na kuanzia mwaka 1994 wahadhiri wake, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto na kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, walianza utafiti wa pamoja katika milima ya Umatengo. Wajapani walikuja na desturi yao: huwezi kusema unajua kijiji kama hujalala humo, na si kwa wiki moja. Wataalamu wa udongo, wa misitu, wa uchumi na wa jamii walikwenda kwenye kijiji kimoja, Kindimba, wakalazimika kuzungumza wao kwa wao. Waligundua mapema kwamba Mmatengo hapangi ardhi kwa shamba moja moja. Anafikiri kwa ntambo, yaani kipande cha mlima kilicho kati ya vijito viwili, chenye nyumba, kahawa, ngoro na msitu wake, na chenye ukoo wake.

Mwaka 1999 kazi ikaingia awamu ya pili, kituo cha maendeleo endelevu ya vijijini kikaundwa pale chuoni Morogoro, na wahadhiri wakawa na swali gumu zaidi: tumekwisha kujua, sasa tufanye nini? Wanakijiji walitaka mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji. Si jambo ambalo lingempa profesa chapisho. Lakini mashine hiyo ilijengwa, na kamati ya kijiji iliyosimamia mambo hayo ikachukua jina la Sengu. Vikaja vikundi vya mabwawa ya samaki, vitalu vya miche, mizinga ya nyuki. Mhadhiri aliyezoea kuuliza na kujibiwa alijikuta amekaa mkekani akiulizwa na wazee, akijibu, akisahihishwa mbele ya wenzake. Mradi ulifungwa mwaka 2004. Walioupitia walirudi Morogoro na kitu wanachokiita njia ya SUA, ambayo kwa ufupi inamtaka mtafiti aanze na uwezo uliopo kijijini badala ya upungufu.

Nadhani hapo ndipo mahali pekee katika historia hii yote ambapo wahadhiri wenyewe walipewa kazi ya kufanya. Kwa kawaida mhadhiri wa Tanzania hapitii popote pa kufundishwa kufundisha. Kwa taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, anayetaka kuajiriwa msaidizi wa mhadhiri lazima awe na wastani usiopungua 3.8 katika shahada ya kwanza, na kwa hatua inayofuata 4.0 katika shahada ya uzamili. Wastani unaonesha alivyojibu maswali ya wengine. Akishaajiriwa hupandishwa cheo zaidi kwa machapisho. Halafu anakabidhiwa ukumbi wenye wanafunzi mia nne. Afanyeje? Anatoa muhtasari, wanafunzi wanaurudufisha, wanaupitishia wadogo zao, na mwaka wa tatu unakuta madesa yale yale, yenye kosa lile lile la chapa, yanazunguka bwenini. Mwenye kudesa vizuri anafaulu. Asiyedesa anarudi Septemba kwa ajili ya sapu.

Juhudi za kumsaidia mhadhiri zimekuwapo, nyingi zikiwa na uhai wa mradi: fedha ikiisha nazo zinakwisha. Mfano mzuri wa karibuni ni mradi wa TESCEA, uliofanya kazi kati ya mwaka 2018 na 2021 katika vyuo vikuu vya Mzumbe na Dodoma, na nchini Uganda katika Gulu na Uganda Martyrs, ukiwakalisha wahadhiri kuzisuka upya kozi zao kuanzia kwenye swali la mwanafunzi ataweza kufanya nini atakapomaliza. Wale waliofundishwa waliwafundisha wenzao. Serikali nayo, kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ilianza mwaka 2021 mradi wa HEET, wenye majengo, mitaala mipya na mafunzo kwa wahadhiri. Majengo huonekana haraka. Songea inalijua jambo hilo kwa uchungu wake: mwaka 2016 Tume ilifuta kibali cha kampasi za chuo binafsi kilichokuwa na majengo na wanafunzi hapo, na vijana wakahamishiwa vyuo vingine.

Sasa limeingia jambo ambalo Madan na Iliffe hawakulijua. Akili unde inaandika insha ya kurasa kumi kuhusu sababu za Vita vya Majimaji kabla chai haijapoa, na inaiandika kwa Kiingereza safi kuliko cha mhadhiri. Vyuo vimekimbilia programu za kukamata wizi wa maandishi. Hayo ni mashindano ambayo mhadhiri atashindwa, na kwa kweli wala hahitaji kuyaingia. Mashine haijui bei aliyolipwa mchuuzi wa dagaa wa Mbamba Bay juzi alipowapeleka Mbinga mjini, wala kwa nini ntambo fulani imeacha ngoro na kupanda kahawa hadi kileleni. Haijakaa na mama mmoja wa Lituhi akaeleza ziwa lilivyopanda likala nyumba.

Na wanafunzi wapo huko tayari. Kila mwaka vyuo hutawanya vijana nchi nzima kwa mafunzo kwa vitendo na mazoezi ya kufundisha. Shule za Mbinga na za Wilaya ya Nyasa, iliyozaliwa mwaka 2012, huwapokea, na siku hizi lami inafika hadi ziwani. Mhadhiri huja mara chache, hukaa nyuma ya darasa na fomu, hujaza, huondoka. Kijana anabaki wiki kadhaa katika nchi yenye mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote, akiandika kila jioni maandalio ya somo kwa kunakili ya mwaka jana.

Kazi ya Mapunda na Mpangara bado inatajwa na wanahistoria wa nchi za mbali. Wazee waliohojiwa wamekwisha kufa. Wajukuu na vitukuu vyao wako kidato cha nne, wanasoma Majimaji katika aya chache za kitabu cha kiada. Mhadhiri wa historia anayepeleka wanafunzi Ruvuma msimu ujao angeweza kuwapa nakala za mahojiano ya mwaka 1968, wakazitafute familia za wasimulizi, wawasomee kwa Kiswahili maneno ya babu yao, kisha waandike yale ambayo familia inayakataa na sababu zake. Wale watakaopangiwa Umatengo waulize swali jingine: hapa vita hivyo vilikuwa vya nani? Nakala moja ya kila kazi ibaki shuleni au katika ofisi ya kijiji. Kusahihisha kutamsumbua, maana itabidi aende mwenyewe kusikia kama kijana ameandika kweli, na huko wazee watakuwa na maswali yao kwake.